Taa Aliyoomba Mwenye Picha

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Saa sita mchana, mwisho wa mwezi, mafundi wamebanana kwenye kaunta, kila mmoja na orodha yake mkononi, muuzaji anaruka huku na kule akitafuta swichi, waya na chenji. Mbele yao wote alisimama mwanamume mmoja mrefu aliyewazibia njia. Alikuwa na shati jeupe la kitani lililopigwa pasi likapigika, mvi mbili tatu kwenye ndevu, na madoa ya rangi kwenye viatu tu, kama mtu aliyekanyaga upinde wa mvua. Ameweka balbu kwenye soketi ya kujaribia na anaikodolea macho kama anayekagua noti bandia.

Ilikuwa balbu ya tano. Zote alikuwa amezirudisha kwa kosa lile lile, kwamba ni za njano. Taa za siku hizi, alisema, wameziharibu.

Nyuma yake alikuwepo fundi wa taa, mwanamke wa miaka thelathini na sita, ovaroli la buluu iliyokolea, kitambaa chekundu kichwani, penseli sikioni. Alikuwa amemwacha mteja bila umeme, na subira yake ilikuwa imeishia kwenye balbu ya pili. Akanyoosha mkono, akachukua boksi, akamwonyesha namba.

"Hii ni elfu nne, mzee. Katikati kabisa. Si ya njano wala si ya buluu."

"Mzee nani?" akauliza yule bwana bila kugeuka.

"Anayechagua balbu kama anachagua mke."

Foleni ikacheka. Bwana akageuka, akamtazama kuanzia penseli hadi viatu, na badala ya kukasirika akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Akamwambia yeye ni mchoraji, kwa hiyo balbu kwake ni jambo zito kuliko mke.

Fundi akamweleza, maana kazi yake aliipenda na hakuweza kumwona mtu akipotea njia. Ile namba kwenye boksi imekaa kinyume na akili za watu. Namba ndogo, elfu mbili na mia saba, ndiyo taa ya njano kama moto wa kuni. Namba inapopanda, taa inapoa. Elfu nne ni nyeupe ya kawaida, kama asubuhi yenye mawingu mepesi. Elfu sita na mia tano ni nyeupe inayokaribia buluu. Picha ya mafuta yenye sura za watu haitaki hiyo ya mwisho hata kidogo.

Mchoraji akaomba hiyo hiyo ya mwisho iwashwe. Ilipowaka, uso wake ukafunguka.

"Hii ndiyo nyeupe," akasema.

"Hiyo ni ya gereji na vyumba vya maiti."

"Basi njoo uone nyumbani kwangu kama ni gereji." Akaandika namba yake ya simu juu ya boksi tupu, akampa, akaondoka na balbu sita za baridi.

Fundi alijikaza siku nne. Siku ya tano akapiga kuuliza kama balbu zinafanya kazi. Kuanzia hapo simu zikawa hazikatiki.

"Fundi, huku kuna giza."

"Washa taa."

"Giza la upweke hili."

"Hilo halina waya. Siwezi kulifunga." Lakini jioni ile alikwenda, na ngazi hakuibeba.

Mchoraji alikaa juu ya duka la vitambaa, vyumba vitatu vyenye harufu ya mafuta ya kitani na sabuni. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mke wa zamani aliyehamia mbali, na ulimi mtamu akitaka. Alimwita Fundi wangu. Fundi alimwita Bwana Mkubwa, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea. Alipenda anavyomenya chungwa ganda lote bila kukata. Alipenda vile anavyonyamaza katikati ya sentensi akiona kivuli kizuri ukutani, anamshika bega na kumwambia tazama. Miaka yote watu walikuwa wamemwita Fundi kuja kuwasha. Hakuna aliyewahi kumwita kuja kutazama.

Chumba cha kuchorea Mchoraji alikifunga madirisha kwa mbao, kwa sababu jua, alisema, linampiga machoni kama kofi. Humo aliwasha zile balbu za baridi tu. Fundi aliona picha zina ubuluu mwingi, akadhani ndiyo staili. Yeye si mchoraji, angesema nini?

Mwezi wa saba wa mapenzi yao, Mchoraji akamchora. Wiki tatu Fundi alikaa kwenye kiti kila Jumapili, ametulia, ameweka mikono mapajani. Siku ya kuonyeshwa akafumba macho kama bibi harusi. Alipofumbua, alimwona mwanamke aliyetolewa mtoni. Sura yake ilikuwa yenyewe, na ule unyonge wa shingo alioujua yeye tu ulikuwa pale, umekamatwa vilivyo. Lakini mashavu yalikuwa ya kijivu cha buluu, midomo ya zambarau, kucha kama za mtu aliyekufa juzi.

Akacheka. Akauliza kwa nini amemzamisha.

Mchoraji hakucheka. Alisema amemchora alivyo, na kwamba rangi ya shavu lile aliitafuta siku tisa hadi akaipata.

Hapo Fundi akaacha kucheka. Alimkumbuka baba yake miaka ile ya mwisho, alivyokuwa akigombana na nyumba nzima kuwa shuka hazifuliwi, zina njano, na kumbe shuka zilikuwa nyeupe kama karatasi. Baba alikuwa na mtoto wa jicho. Ukungu wa njano ulijengeka polepole ndani ya macho yake kiasi kwamba mwenyewe hakujua. Daktari alimfanyia upasuaji wa nusu saa kila jicho, na mzee akatoka akiomba radhi kwa mashuka.

Wiki iliyofuata akampima Mchoraji bila kumwambia. Alifunga balbu ya elfu nne, akamuuliza anaionaje. Njano, akasema. Akafunga ya elfu tano. Njano kidogo. Akafunga ile ya gereji. Hapo sasa, akasema, na akaendelea kupaka buluu kwenye paji la uso wa mtu.

Kwa nini hakumwambia? Alijaribu. Siku moja wakinywa chai alimgusia, kwa kuzunguka sana, kwamba wote wawili waende wakapimwe macho, ni vizuri kwa umri. Mchoraji akaweka kikombe chini. Akamsimulia kwa sauti ya chini juu ya rafiki yake wa miaka ishirini aliyemshauri avae miwani, na kwamba hajamsemesha tena tangu siku hiyo. "Atakayeniambia sioni," akasema, "mlango ule pale, na haufungwi kwa ufunguo." Kisha akamshika mkono na kuubusu. Fundi akameza maneno yake pamoja na chai.

Na tuseme kweli, kulikuwa na kitu kingine. Mtu anayeona vizuri hahitaji wa kumwonea. Fundi alikuwa amengoja muda mrefu kuhitajiwa.

Basi akatafuta njia ya fundi. Taa ya njano huiminya buluu na kupandisha wekundu, kila mfunga taa anajua. Alichukua ile picha yake, akaipeleka kwake, akaiweka chini ya elfu mbili na mia saba, yule mwanamke wa mtoni akarudiwa na damu. Mashavu yakawa mashavu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuona, akalia mbele yake peke yake.

Ulikuwepo ukumbi mmoja wa maonyesho, ghala la zamani lisilo na dirisha hata moja. Mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya kisigino vinavyosikika kabla yake, na picha alizifahamu kwa bei. Alimpa Mchoraji nafasi, na Fundi akapewa kazi ya taa. Alifunga zile za kubadilika, zinazopanda na kushuka kwa rimoti. Asubuhi ya ufunguzi Mchoraji alikuja kukagua, Fundi akawasha baridi kabisa, Mchoraji akaridhika na kwenda kuoga. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Fundi akateremsha taa zote hadi njano ya moto. Wageni wakaingia, wakashika vifua. Mchoraji alipenda kuchelewa ili apokewe. Akitoka kwenye jua la saa tisa alasiri, kwa dakika kumi alikuwa haoni kitu ila watu wanaompa mkono. Alipolalamika kwamba mbona ukumbi una njano, Fundi alimjibu macho makavu:

"Umeme mdogo leo, mpenzi."

Picha zikanunuliwa. Sasa Fundi akaona tatizo la pili, kwamba picha ina nyumba ya kwenda, na nyumba ina taa zake. Akatunga utaratibu: kila picha inaondoka na taa yake. Yeye mwenyewe alikwenda na ngazi, akapima ukuta, akafunga taa ndogo ya njano juu ya fremu, akawaambia wenye nyumba wafunge pazia kwa sababu jua hula rangi, jambo ambalo ni kweli, ila siyo sababu. Watu wakasifu: huyu mchoraji anajali, hata taa anakuletea.

Dada mkubwa wa Fundi, mshona nguo, mwanamke asiyesitasita, ndiye pekee aliyejua. Kila walipokutana alimuuliza shemeji hajambo, na kama bado kipofu. Fundi akinuna, dada alikata uzi kwa meno.

"Mdogo wangu, wewe si mchumba wake. Wewe ni miwani yake. Na mtu hafungi ndoa na miwani."

Ilikwenda hivyo miaka miwili, maonyesho mawili, nyumba kumi na sita. Jina la Mchoraji likakua, na shingo ikarefuka nalo.

Maonyesho ya tatu ndiyo yalikuwa makubwa, picha ishirini na moja, watu wa magazeti, wanunuzi wa mbali. Siku mbili kabla, mwenye ukumbi aliandaa chakula cha mchana humo ukumbini kwa wageni wachache, picha zikiwa bado zimefunikwa, Mchoraji katikati yao kwa koti jipya la rangi ya zaituni. Fundi alikuwa juu ya ngazi, pembeni, anaelekeza taa. Alikuwa amevaa gauni chini ya ovaroli, la kijani, alilomaliza dada yake asubuhi ile, kwa sababu Mchoraji aliahidi kwamba baada ya chakula atamtambulisha kwa wageni kama mchumba, na Jumapili atakwenda kwa dada yake kuposa.

Mgeni mmoja akasifu. Akasema picha alizoziona maonyesho yaliyopita zina joto ambalo hajaliona kwingine, kama zinawaka kwa ndani, na akauliza nani huzitengenezea mwanga, maana huyo naye ni msanii.

Meza ikageuka kumtazama Fundi. Mchoraji akatazama pia, na kuna kitu kikamchoma. Hakuzoea sifa kugawanywa.

"Huyo?" akasema, na akacheka ili wengine wacheke. "Huyo ananishikia ngazi. Kuzungusha balbu hata nyani akifundishwa anaweza."

Wakacheka. Mwenye ukumbi alicheka zaidi ya wote. Fundi akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Chakula kikaisha, wageni wakaondoka, hakuna aliyetambulishwa. Alipomfuata Mchoraji mlangoni, alimwambia asifanye uso huo, ni mzaha wa mezani, na hata hivyo Jumapili haitawezekana, ana mahojiano.

Nyumbani Fundi alivua ovaroli. Gauni lilikuwa halijakunjamana hata kidogo. Alilivua nalo, akalikunja, akampelekea dada yake, na dada akalifungia kabatini.

Jumamosi asubuhi Mchoraji akakagua taa. Baridi kabisa, elfu sita na mia tano. Akatembea ukumbi mzima ameweka mikono nyuma, akasema safi, hivi hivi, usiguse. Hata kumtazama usoni hakumtazama.

"Nisiguse?"

"Usiguse kitu."

Hakugusa.

Saa nane na nusu milango ikafunguliwa. Wageni waliingia kwa kelele na manukato, na kelele ikafa kama redio iliyochomolewa. Ukutani zilikuwepo picha ishirini na moja za watu waliozama. Mama na mtoto wake mchanga, wote wa kijivu. Bibi harusi mwenye midomo ya zambarau. Wazee watatu kwenye benchi kama waliopangwa kungoja ndugu waje kuwatambua. Mwenye ukumbi alikuja mbio, visigino vinagonga sakafu, akamng'ang'ania Fundi mkono na kumwambia arudishe taa ya siku zote, upesi.

"Hii ndiyo taa aliyoomba mwenye picha," Fundi akasema. Rimoti ilikuwa mfukoni mwake, kidole kimeigusa.

Kisha Mchoraji akaingia na koti la zaituni. Akapewa mikono michache, milegevu. Hakuona. Alidhani wamezidiwa na uzuri. Akasimama mbele ya picha ya mama na mtoto, akaanza kuwaeleza watu jinsi alivyohangaika wiki tatu kupata uvuguvugu wa shavu la mtoto aliyetoka kunyonya. Alieleza kwa upendo, mkono ukicheza hewani. Alionyesha lile shavu la buluu na kusema, oneni lilivyo la moto.

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Mwanamke mmoja akauliza jirani yake, si kwa kunong'ona, kama hawa ni marehemu. Mchoraji akaushusha mkono. Akatazama nyuso za watu, halafu picha, halafu nyuso, kama mwanafunzi aliyeambiwa jibu siyo na hajui swali liko wapi.

Hapo Fundi angeweza kuacha. Alikuwa ameshalipwa mara mbili ya tusi. Lakini alikumbuka kicheko cha meza ile, akatoa rimoti mbele ya watu wote na kubonyeza.

Njano ikashuka juu ya kuta kama asali. Mtoto akapata damu. Bibi harusi akapumua. Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, na ndipo watu wakaelewa, wakaanza kumtazama Mchoraji kwa huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Yeye peke yake alisimama akipepesa macho.

"Kwa nini umeweka hii chafu?" akamuuliza Fundi. "Umeme mdogo?"

"Umeme haujawahi kuwa mdogo," Fundi akasema, na sauti yake haikutetemeka, jambo alilolijutia baadaye. "Una mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Mwaka wa tatu huu unachora maiti, na mimi nazifufua. Mimi nyani."

Akaacha rimoti juu ya meza ya vinywaji, akatoka.

Miezi miwili simu haikulia. Fundi alifunga taa za benki, za saluni, za ngazi za ghorofa. Aliposikia kwamba Mchoraji amefanyiwa jicho la kulia, na baada ya wiki nne la kushoto, alijitia hamnazo, lakini siku hiyo alifunga swichi juu chini. Dada yake alimwambia ameshinda, basi ale. Fundi alisema hana njaa.

Halafu, Jumanne moja mchana, simu.

"Fundi."

"Nakusikia."

"Nimeona. Dunia yote imefuliwa. Sikujua mbingu ina ukali ule. Kisha nimeziona picha zangu." Akavuta pumzi. "Nipeleke kwenye nyumba zile kumi na sita. Wewe ndiye unazijua."

Walikwenda. Wiki nzima, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, hawagusani. Kila mahali Mchoraji aliomba radhi, akazima ile taa ndogo kwa mkono wake, akafungua pazia, akawaonyesha wenye nyumba walichonunua, akaahidi kuirekebisha picha. Wengine walikasirika. Wengine walisema arudishe pazia, walizoea. Fundi alilazimika kusimama pale kila mara na kuangalia, na kila nyumba ilikuwa kama kuvuliwa nguo upya.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aliyeagiza sura ya mumewe. Pazia lilipofunguliwa hakushtuka. Alisema anajua, hufungua kila asubuhi. "Jioni nikiwasha taa ananijia kama siku tuliyooana," akasema. "Asubuhi yuko kama nilivyomwosha. Msiiguse. Nawataka wote wawili."

Nje, kwenye ngazi za nyumba ile, Mchoraji aliketi, akalia bila kujificha. Fundi alikaa ngazi ya chini yake. Ndipo Mchoraji akamwambia yale ya nyani yamemnyima usingizi zaidi ya yale ya macho. Fundi akamwambia ile rimoti aliibonyeza mara moja zaidi ya haki yake. Walisameheana hivyo, kifupi, kama watu wanaogawana mzigo.

"Nioe basi," Fundi akasema, nusu mzaha, anachezea kamba ya kiatu.

"Nitakuoa. Sharti moja. Usinidanganye tena. Kwa wema usinidanganye, kwa huruma usinidanganye. Hata rangi ya chai. Nikikushika na uongo mwingine, basi."

Akakubali kwa moyo mweupe. Lile gauni la kijani likarudi kutoka kwa dada, ambaye safari hii alikwenda kwa shemeji mwenyewe, akamtazama macho mapya yale, akamuuliza anaona vidole vingapi. Mchoraji alicheka hadi akajipangusa machozi. Siku ikapangwa. Nyumba ikapakwa chokaa, mbao zikang'olewa madirishani.

Wiki kumi Mchoraji alijifungia akichora, hakumruhusu yeyote kuingia. Kwenye simu alikuwa kama kijana wa miaka ishirini.

"Fundi wangu, nimezaliwa upya. Kuna wekundu sikuwahi kuuona maishani."

"Nikuone lini?"

"Zikikauka. Utakuja unichagulie taa. Safari hii kwa haki."

Ilikuwa Alhamisi, siku tisa kabla ya harusi. Fundi alikuja na boksi la balbu, amevaa gauni, bila ovaroli. Mchoraji alikuwa amezipanga picha tatu ukutani: kapu la vitunguu, jirani wa duka la chini, na Fundi mwenyewe, amekaa kwenye kile kiti, mikono mapajani. Akafunga mapazia mapya, akaketi kwenye kochi, akaweka mikono juu ya magoti.

Fundi akapanda ngazi ya nyumbani humo, akaanza na elfu nne. Vitunguu vilikuwa vitunguu. Mashavu yalikuwa mashavu, midomo ilikuwa midomo, hakuna rangi iliyokosea hata kwa unywele. Akatazama ile sura yake mwenyewe, akaitafuta ile shingo. Ilikuwepo, imenyooka, sahihi. Ilikuwa shingo ya mtu yeyote. Akadhani ni taa. Akafunga elfu tatu. Akafunga elfu tano. Akasogeza, akainamisha, akapunguza mwanga, akasimama mbali, akasimama karibu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kama nyumba iliyofagiwa ambayo wenyewe wamehama. Akafunga elfu mbili na mia saba, jasho likimtoka kwapani. Vitunguu vikapendeza kidogo, kama picha ya kalenda.

Alijua neno lililotakiwa. Nzuri. Neno moja dogo, na angekaa katika nyumba hii hadi uzeeni, anamenyewa machungwa. Alijua pia ameapa, na kwamba mtu huyu ana macho sasa. Atalisoma neno hilo usoni mwake kabla halijamtoka.

"Ipi?" Mchoraji akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna taa ya kuzisaidia, mpenzi." Akashuka kwenye ngazi ili asimwambie akiwa juu. "Rangi ni sahihi zote. Ila hazipumui. Wale wa zamani walikuwa na sura za maiti, lakini walikuwa hai. Hawa wana afya tu."

Chini, duka la vitambaa lilikuwa linafungua lango la chuma, likalia muda mrefu. Mchoraji alitazama picha zake moja baada ya nyingine. Alikuwa anaona kila kitu. Mkono wake ulipapasa kochi kama unatafuta kitu kilichodondoka.

"Hata ile ya njano?"

"Hata ile."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Alimtazama Fundi kwa macho safi, yenye unyevu, na akamwambia kwa upole ambao hakuwahi kumpa tangu siku ya balbu tano:

"Leo ungenidanganya tu."

Fundi akakusanya balbu. Moja ilikuwa bado ya moto, akaishika kiganjani hadi ikapoa, akaitia kwenye boksi. Kwenye korido alisikia pazia linafunguliwa kwa nguvu, kisha likafungwa tena, na hakuitwa arudi.